Gari la Mdogo Wangu

Mdogo wangu hajawahi kunifanyia ubaya wowote, na hilo ndilo linaloniudhi. Mtu akikukosea unamnunia, unamsema kwa majirani, roho inapoa. Sasa huyu wangu ataniamkia shikamoo mbele ya Wazungu wenye kaptura kwenye maonyesho ya magari, atapiga goti kidogo na kitambaa cha kufutia kioo kiko mkononi, na mimi itanibidi niitikie marahaba huku nikiona watu wamelizunguka gari lake na langu wanalipita kama nimeegesha toroli.

Niseme mapema tusije tukadanganyana: mimi ni mtu wa wivu. Wengine hujificha nyuma ya maneno laini, eti "nilijisikia vibaya kidogo." Vibaya kidogo nini? Mimi nilimwonea mdogo wangu kijicho, kijicho chenyewe, kile kinachomkalia mtu tumboni mpaka chai haishuki.

Na mambo haya ya magari nilianza mimi. Hilo naomba lieleweke kabla hatujaenda mbali. Tulipoletwa Louisville kutoka kambini Kigoma, kazi ya kwanza niliyodumu nayo ilikuwa kiwandani Jeffersontown, kupanga vipuri kwenye makatoni. Pale palikuwa na mzee mmoja Mmarekani, fundi wa mashine, ambaye Ijumaa zenye jua alikuja kazini na gari refu la miaka ya sitini, kromu inang'aa kama sufuria mpya. Wenzangu walipiga picha wakaenda kula. Mimi chakula nilikisahau. Kambini gari lilikuwa lori la mgao au gari la wagonjwa, likija ujue kuna jambo. Sikujua kama duniani kuna gari lisilo na kazi nyingine ila kupendwa.

Mzee aliniona nimesimama pale, akafungua boneti bila kuniuliza, akaanza kunionyesha. Hii kabureta, hii pampu ya maji, hapa mafuta yanaingia, hapa moto unapatikana. Kiingereza chake nilikielewa nusu, injini niliielewa yote. Baadaye ndiye aliyenitafutia la kwangu, Galaxie la milango minne lililokuwa limeachwa kwenye zizi la farasi nje ya mji. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu hadi unaona majani chini, na kwenye kiti cha nyuma panya walikuwa wamezaa, wakazaa tena. Mume wangu alilitazama likishushwa, akashika kiuno, akasema, "Wanawake wenzako wananunua ng'ombe wa maziwa. Wewe umenunua mifupa."

Basi mifupa hiyo niliivika nyama mwenyewe. Jumamosi baada ya Jumamosi nilikuwa gerejini kwa yule mzee. Nilikwangua kutu mpaka pua ikatoa vumbi jekundu. Nilijifunza kuchomelea. Waswahili husema mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi sikuinama, nililala chali, oili inanidondokea kwenye paji la uso na mgongo uko kwenye saruji ya Januari. Mlango mmoja niliutoa kwenye gari la ajali, taa za nyuma nilizisubiri mpaka nikazisahau, na kromu ya bampa niliisugua kwa mswaki. Lilipopakwa rangi, buluu iliyokolea ya kujiona uso, nilikaa ndani peke yangu, milango nimefunga, nikalia. Mume wangu akachungulia dirishani akasema, haya sasa, mifupa imekaa vizuri. Kwake hiyo ni sifa kubwa.

Mwaka huohuo mdogo wangu akaja kunitembelea kutoka Columbus. Huko anafanya kazi ya kutunza wazee majumbani, kuwaogesha, kuwapikia, kuwasikiliza. Yeye ndiye kitinda mimba wetu, mimi ndiye kifungua mimba, na waliokuwa katikati Mungu aliwachukua. Nilimzungusha na gari langu mjini. Alipapasa kiti, alipapasa usukani, akasema, "Dada, wewe una mikono ya ajabu." Nikavimba kichwa. Nikampitisha mpaka mtoni kumwonyesha madaraja. Laiti ningejua.

Kwa sababu haukupita muda, bibi mmoja aliyekuwa akimtunza akafariki. Watoto wa marehemu wakafungua gereji. Chini ya blanketi, jamani, palikuwa na gari aina ya Impala, la kukunjwa paa, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, viti vyekundu, halijatoka humo tangu mume wa bibi yule alipoacha kuona vizuri. Wakamwambia mdogo wangu, mama alisema ulichukue wewe, maana wewe ndiye uliyemwimbia. Aliwahi kumwimbia! Mimi nimelala chali kwenye saruji, yeye kaimba.

Akanipigia simu akilia kwa furaha. "Dada, sijui hata pa kuanzia. Nifundishe." Ningefanyaje? Nilikwenda Columbus na boksi langu la spana. Tulitoa petroli iliyooza, tukasafisha tangi, tukabadilisha mipira yote ya breki, tukaivua kabureta na kuipanga juu ya gazeti. Siku ya tatu injini ikaguruma, mdogo wangu akanirukia shingoni, nami nikamkumbatia, na juu ya bega lake nikawa naangalia vile viti vyekundu. Roho iliniuma. Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi, wanasema, lakini mimi nililala mlango wazi na madirisha wazi, nikiisubiri bahati ambayo tayari ilikuwa imeegeshwa kwa jirani.

Nilijipa moyo kwa jambo moja. Rangi ya gari lake ilikuwa ya zamani, imepasukapasuka kwenye boneti, na mlango wa kulia ulikuwa na mkwaruzo mrefu. Langu lilikuwa kioo. Nikasema, tukutane kwenye maonyesho, tutaona.

Tukaona kweli! Maonyesho ya kwanza tuliyokwenda pamoja yalikuwa hapa hapa Louisville, kwenye uwanja wa kuegesha magari nyuma ya maduka. Utaratibu wake ni kwamba unafika asubuhi, unapewa namba ya kuweka kwenye kioo, unafungua boneti, halafu unakaa nyuma ya gari lako kwenye kiti cha kukunja na kuwangoja watu waje kulisifia. Nilikuwa nimelisugua Galaxie hadi ndani ya tundu la funguo. Wazee wa Kimarekani wakapita, wakaangalia, wakasema, "Zuri, zuri," kama mtu anavyomwambia mgonjwa kwamba amepata nafuu. Wakafika kwa mdogo wangu. Wakaweka mkono kifuani! Mmoja akavua kofia. "Halijaguswa," waliambiana, "tazama, rangi ni ileile ya kiwandani." Ule mkwaruzo walipiga picha. Yesu wangu, mkwaruzo! Kumbe watu hawa wanapenda uchakavu, ukiwa ni uchakavu wa tangu asili. Mimi niliyetoa kutu kwa jasho ndiye niliyeligusa. Yeye ambaye hakufanya kitu ndiye aliyetunza.

Mchana mzee mmoja akanijia na tabasamu, nikajikusanya kitini, nikatengeneza kilemba. Akaniuliza, "Samahani mama, wewe na yule mwenye Impala ni ndugu?" Nikamwambia ndiyo. Akasema nina bahati. Nikamwambia asante, nikamnyima biskuti.

Kule Columbus ikawa mbaya zaidi, maana alipewa kikombe. Kikombe hiki hakitolewi na majaji, hutolewa na watu wenyewe. Kila anayeingia hupewa kikaratasi na kalamu, anazunguka, kisha anaandika namba ya gari lililompendeza kuliko yote na kukitumbukiza kwenye ndoo. Gari lenye vikaratasi vingi ndilo linalobeba kikombe. Mdogo wangu alipoitwa, alinishika mkono akataka twende wote mbele. "Huyu ndiye mwalimu wangu," akawatangazia watu. Wakanipigia makofi mengi. Sijawahi kupigiwa makofi yaliyoniwasha vile.

Haya yote ningeyameza kama si Mama. Mama yetu anaishi Buffalo, huko Lower West Side, ghorofa ya chini, jirani na kanisa na akina mama wenzake, Warundi kwa Wakongo. Mama husali kwa Kirundi na kugombana kwa Kiswahili. Nilimpigia Jumapili kama kawaida, na kabla hata hajauliza watoto wameamkaje, akasema, "Umesikia mwenzio kapata kikombe?" Nikamwambia, Mama, nilikuwepo. "Amenitumia picha. Nimeibandika kwenye friji. Chanda chema huvikwa pete, mwanangu." Nikauliza, na picha ya la kwangu ile niliyokutumia? Nikasikia anafungua friji na kuifunga. "Ipo, ipo," akasema. "Nitaitafuta."

Ndugu zangu, mimi ni mtu mzima, nina wajukuu. Lakini siku hiyo nilikaa jikoni nikaapa kwamba nitapata kikombe Mama akiwepo, anaangalia kwa macho yake, na atafungua kinywa aseme mbele ya mdogo wangu kwamba gari la dada ndilo zuri. Basi. Sikutaka kingine. Utasema ni utoto. Sawa, ni utoto, lakini tangu utotoni sijawahi kulisikia neno hilo.

Maonyesho yalikuwepo Amherst, pale karibu na Buffalo, mwezi wa nane. Madogo, ya kwenye uwanja wa kanisa, na kura ni hizohizo za ndoo. Nilimpigia Mama nikamwambia aje, aje na wenzake wote, nitakuwepo na gari langu, na kwamba safari hii kikombe nakitaka mimi. Nilimwambia hivyohivyo, sikuzunguka. "Unakitaka sana?" akauliza. "Mama, nakitaka mpaka silali." Akasema, "Haya, nimesikia."

Nilianza maandalizi. Nilivua zulia la sakafu nikalifua. Nilipaka nta mara mbili, nikaacha ikauke, nikapaka tena. Nikapiga rangi mifuniko ya injini. Mume wangu akasema gari hili likipata mimba hatashangaa.

Safari ikanipitisha Columbus, nikalala kwa mdogo wangu, na asubuhi nilipotoka nje nikamkuta ameshaliosha Galaxie, wadudu wote wa barabarani amewatoa kwenye pua ya gari, na la kwake lina vumbi. "Shikamoo dada. Nimeona umechoka." Mtu wa namna hii utamfanya nini? Anakuheshimu mpaka unakosa pa kumshikia. Tukaondoka, mimi mbele yeye nyuma, na baada ya kupita Cleveland mshale wa joto wangu ukaanza kupanda. Nikajifanya siuoni. Moshi mweupe ukatoka. Nikakaa pembeni mwa barabara nikiwa nimemkasirikia kila mtu aliyewahi kutengeneza bomba. Mdogo wangu alisimama, akatoa dumu la maji na bomba la akiba. Bomba la gari langu, siyo la lake! "Uliniambia mwenyewe, dada, kwamba hili la chini ndilo lenye kuchoka." Akaingia chini na gauni lake la safari. Nilimshikia tochi mchana kweupe kwa sababu nilikosa cha kufanya. Alipotoka na oili shavuni, madereva wawili waliopita walimpigia honi za kumsifu.

Amherst tulifika mapema, tukapangwa ubavu kwa ubavu. Mama alikuja na kanisa zima, sisemi uongo. Akina mama wamevaa vitenge vya sare, wana chupa za chai, maandazi na sambusa kwenye ndoo, wamejaza viti nyuma ya magari yetu mpaka mwenye gari la jirani akasogeza lake kidogo. Kwa desturi ya maonyesho, gari la mtu haliguswi. Nani angewaeleza hilo? Mmoja aligonga bampa langu kwa kidole ili asikie kama ni chuma. Mwingine alifungua mlango akaukagua uvungu wa kiti. Nilimfuata nyuma na kitambaa, nikifuta kila alipogusa.

Mama akalizunguka Galaxie taratibu na fimbo yake. Aliangalia magurudumu, akaangalia injini, akajitazama kwenye mlango akarekebisha kitambaa cha kichwani. "Limetakata," akasema. Nikangoja. Akasema tena, "Limetakata kweli." Kisha akasogea upande wa pili, mdogo wangu akamfungulia mlango, na Mama akapanda juu ya vile viti vyekundu, paa limekunjwa, jua linampiga usoni, akaegemea mlango kama malkia, akaomba chai aletewe humo humo. Humo ndani ya gari la maonyesho! Na mdogo wangu akamletea. Na andazi. Makombo yakaanguka kwenye kiti, naye anacheka. Wenzake wakapanda nyuma wakaanza wimbo wa kwaya. Watu wakakimbia na simu zao kupiga picha. Mimi nilisimama na kitambaa changu kando ya gari safi lisilo na mtu, nikawaza kwamba hata Mama huyu mwenyewe nimepokonywa.

Saa za kura zikafika. Akina mama wakapewa vikaratasi, wakainamiana, wakanong'ona, wakaandika juu ya mapaja yao. Sikutaka kuangalia. Nilijua. Nilianza kukunja kiti changu kabla matokeo hayajasomwa, ili niwe na kisingizio cha kutazama chini.

Msomaji akasoma namba. Nikaendelea kukunja. Mdogo wangu akapiga yowe, "Dada! Ni wewe!" Vigelegele vikalipuka, vile vya kwetu vya kuziba masikio, na Wamarekani wakaruka kwa mshtuko kisha wakacheka. Sikumbuki nilivyofika mbele. Nakumbuka kikombe kilikuwa cha plastiki ya dhahabu na kilikuwa chepesi, nami nilikibeba kwa mikono miwili kana kwamba kina mawe. Nilimtafuta Mama. Alikuwa amesimama kwenye Impala akipunga fimbo. Mdogo wangu alikuwa analia machozi, anapiga makofi juu ya kichwa. Nilijiambia, leo, basi leo. Nimempita. Kwa mara ya kwanza tangu Impala lile liliporithiwa, nilimtazama mdogo wangu nikampenda bila kitu kuniuma.

Raha hiyo ilidumu mpaka sambusa. Mama mmoja wa Kikongo, wa milima ya Kivu, mwema sana, alinijia na sahani akanishika mkono kwa mikono miwili. "Bon, dada, tumefurahi. Sisi wote tuliandika namba yako."

"Asanteni, mama yangu. Mmelipenda kweli?"

"Ile ya mudogo wako ndiyo ilitupendeza sana," akasema, bila hila hata kidogo, akiniwekea sambusa ya pili. "Lakini Mama yako alisema, mukubwa yuko pale, mutapitisha mudogo mbele ya mukubwa? Itakuwa haya. Donc tuliandika yako. Mukubwa ni mukubwa."

Nikaweka sahani chini. Kwetu ndivyo ilivyo, na mimi nimewafundisha wanangu hivyo hivyo: mkubwa ananawa kwanza, mkubwa anapakuliwa kwanza, mkubwa akiwa amesimama mdogo haketi. Kwa wale akina mama, ndoo ile ya kura ilikuwa sinia la chakula. Waliangalia nani alizaliwa wa kwanza wakampakulia.

Wakati wa kuondoka nilimwomba Mama apande na mimi. Akina mama waliobaki bila usafiri walijazana kwenye Impala, wengine wamekaa, wengine wameng'ang'ania, kwaya ikaendelea. Nilitoka uwanjani na kikombe kiko katikati yetu. Kulikuwa na joto la kukaanga, na gari langu halina kipoza hewa. Mama alijipepea na kanga. Tukaenda, tukaenda. Nikashindwa.

"Mama. Uliwaambia waandike namba yangu."

"Niliwaambia."

"Kwa nini?"

Akanigeukia kana kwamba nauliza kwa nini mvua ina maji. "Si ulisema unakitaka mpaka hulali? Wewe nakujua. Kambini kitenge kikiwa kimoja nilikupa wewe, maana usipopewa ulikuwa unagoma kula, unageukia ukutani. Mwenzio akikosa anakwenda kucheza."

"Kwa hiyo mmenibembeleza. Na bibi mzima nilivyo."

"Tumekubembeleza, ndiyo. Kuna ubaya gani?"

Nilijua nisiulize, lakini mdomo wangu haujawahi kunisikiliza. "Na ukweli wako wewe, Mama. Lipi zuri?"

"La mwenzio," akasema, wala hakukohoa kwanza. "Lako limetakata, lakini mtu anaogopa kulikalia. La mwenzio nilikula andazi nikahisi niko kwangu."

Nilitaka kusema habari za saruji ya Januari. Nilitaka kusema habari za mswaki. Nikasema tu, "Basi yeye akijua mlivyomfanyia ataumia."

Mama akacheka, kicheko kifupi cha puani. "Anajua tangu juzi. Mimi nimpokonye mwanangu bila kumwambia? Nilimpigia simu. Akasema, 'Mpeni dada, Mama, mpeni kabisa, yeye ndiye mwenye kazi, mimi nitapiga makofi.' Nikamwuliza, hutaumia moyo? Akasema, 'Niumie kwa nini, si dada yangu?'"

Nilikumbuka yale machozi yake pale uwanjani, nikayapekua yote nikitafuta unafiki, hata chembe. Sikupata. Alikuwa amefurahi kweli. Miaka yote hii nimekuwa nikishindana na mtu ambaye hakuwahi kuingia kwenye mashindano, na hapo hapo, na joto lile, na kikombe kile, nikamwonea wivu mpya, mkali kuliko ule wa gari. Moyo kama ule anaupata wapi mtu? Tumenyonya ziwa moja, tumelala mkeka mmoja. Kwa nini yeye apewe huo, mimi nipewe huu?

Tukasimama kwenye taa nyekundu karibu na nyumbani. Impala likaja likasimama ubavuni kwetu, upepo umewavuruga vilemba, akina mama wanaimba, mdogo wangu anaimba nao huku ananipungia. Mama akajifuta jasho shingoni.

"Huku nachemka, mwanangu," akasema. "Ngoja nihamie kwa mwenzio, nipate hewa."

Akafungua mlango wangu, akashuka na fimbo yake katikati ya barabara, wale akina mama wakamshika huku na huku wakampandisha, wakabanana ili apate nafasi ya mbele. Alipokaa akanielekezea kidole kwenye kiti cha pembeni yangu, nikadhani kuna kitu amesahau. Alikuwa anaonyesha kikombe, nikishike kisianguke.

Taa ikawa kijani. Niliwasubiri waende. Hawakwenda. Mdogo wangu aliinamisha kichwa kwa adabu akanipisha kwa mkono, na gari zima la akina mama likanipisha kwa mikono, Mama akiwemo, wakingoja mkubwa atangulie. Nikatangulia.